Faini ni ya Mama, Pesa ni za Mzee: Wanawake na Adhabu katika Nchi ya Chai

Kifungu cha 28 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya kina jedwali fupi ambalo wengi hulijua siku linapowagusa. Linaeleza aliyeshindwa kulipa faini anaweza kukaa gerezani kwa muda gani. Faini isiyozidi shilingi 500, hadi siku 14. Isiyozidi 2,500, mwezi mmoja. Isiyozidi 15,000, miezi mitatu. Ikivuka hapo hadi 50,000, miezi sita. Zaidi ya 50,000, mwaka. Jedwali haliulizi popote pesa hizo zitatoka wapi. Kwa mwenye duka mjini Kericho, shilingi 30,000 ni hasara inayouma, lakini atailipa kabla ya saa sita mchana na kurudi kazini. Kwa mwanamke anayechuna majani chai ya watu kwa kibarua kule Konoin au Bureti, kiasi hicho hicho kinaweza kuwa miezi sita katika Gereza la Wanawake la Kericho.

Tupige hesabu. Tuseme kibarua analipwa shilingi 10 kwa kila kilo, na siku nzuri anafikisha kilo 40 kwa mkono. Faini ya 30,000 ni kilo 3,000, yaani siku 75 za kuchuna bila kula, bila karo, bila kununua hata kiberiti. Hakimu aliyetaja faini hiyo, tuseme kwa kosa la kuuza pombe bila leseni, huenda aliamini amekuwa mpole, kwa sababu Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010, tuliyozoea kuiita Sheria ya Mututho, inamruhusu kupanda hadi shilingi 500,000 au kifungo cha miaka mitatu kwa anayeuza pombe bila leseni. Hakimu ametoa adhabu ya pesa, mwanamke amepokea adhabu ya kifungo. Naamini pengo hilo ndilo kiini cha suala la wanawake na adhabu katika Kericho na Bomet. Naamini pia kwamba utafiti uliofanywa huku zaidi ya miaka 30 iliyopita, na watu ambao hawakuwa wakichunguza magereza hata kidogo, unalieleza vizuri kuliko ripoti nyingi za magereza.

Mwaka 1993 Dorthe von Bülow na Anne Sørensen walichapisha makala kuhusu jinsia na kilimo cha chai cha mkataba, kutokana na utafiti wao katika wilaya ya Kericho, enzi ambazo Bomet ilikuwa bado sehemu yake. Walichokikuta hakitamshangaza yeyote aliyekulia kwenye mashamba haya. Ardhi ni ya mume. Nambari ya mkulima kiwandani ni ya mume. Malipo ya mwezi na bonasi huingia kwa jina lake, ilhali mikono inayochuna ni ya mke na watoto. Walichokifanya cha maana ni kufuatilia jinsi wanawake walivyojibu hali hiyo. Wengine, walipoona jasho lao halirudi jikoni, walipunguza bidii katika chai ya mume na kuelekeza nguvu kwenye kile walichoweza kukishika kwa mkono wao wenyewe.

Kwa Wakipsigis mgawanyo huu una mizizi. Maziwa ya asubuhi, yale ya kuuzwa, ni ya mzee. Ya jioni ni ya mama. Mboga, kuku na mahindi kidogo ya kando ya nyumba huwa chini ya mama. Lakini kuna asiye na ng'ombe wala kipande cha ardhi: mjane aliyenyang'anywa shamba na shemeji, aliyeachwa, aliyepoteza kazi kwenye kampuni na kutolewa nyumba ya kambi siku hiyo hiyo. Huyu mahindi machache anayoyapata huyageuza pombe ya busaa, na busaa ikawa chang'aa. Biashara hii haidai hatimiliki, nambari ya kiwanda wala akaunti ya benki. Inadai mtungi, kuni na ujasiri. Ndiyo maana imekuwa pesa ya mwanamke, na ndiyo maana polisi na chifu wanapofanya msako, anayekutwa pale ni mwanamke. Wanywaji hukimbia kupitia kwenye michai. Mwenye mtungi hawezi kukimbia, kwa kuwa watoto wamelala ndani.

Unganisha sasa mambo haya mawili. Kosa limezaliwa kwa sababu pesa za chai haziko mikononi mwake. Kisha mahakama inamdai pesa, na pesa za kuilipa ziko pale pale zilipokuwa tangu mwanzo, katika akaunti yenye jina la mwanamume ambaye huenda wamegombana, amehama au amekufa bila kubadilisha nambari. Uhuru wake unategemea hisani ya mtu mwingine. Sijui adhabu nyingine katika sheria zetu inayomfanya mtu mzima awe mateka wa mkoba wa mwenzake kwa namna hii.

Nchi ya chai ina historia ya kuwaadhibu wanawake bila hata kuwafikisha mbele ya hakimu. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria ya kuwahamisha Walaibon, viongozi wa kiroho, na ukoo wao wa Talai, watu karibu 700, waume kwa wake na watoto, ukang'olewa Kericho na kutupwa Gwassi, kando ya Ziwa Viktoria, kwenye mbung'o na malaria. Wanawake wa Talai hawakushtakiwa kwa lolote. Waliadhibiwa kwa kuzaliwa au kuolewa katika ukoo ambao wazungu waliuogopa. Wakati huo huo kampuni za Brooke Bond na African Highlands, mtoto wa James Finlay ya Glasgow, zilikuwa zinapanua chai kwenye ardhi iliyotwaliwa. Miaka 20 baadaye, wakati wa vita vya Mau Mau, wanawake walizuiliwa Kamiti na Gitamayu. Mwanahistoria Katherine Bruce-Lockhart ameonyesha jinsi maofisa, waliposhindwa kuwavunja wale waliokataa kukiri kiapo, walivyoanza kuwaita wenye wazimu. Yaani mwanamke alipokuwa na msimamo wa kisiasa, dola ilitafuta ugonjwa wa kumpachika. Tabia hiyo ya kumpima mwanamke kwa jinsi anavyofaa kuwa mwanamke, badala ya kupima alichotenda, haikuondoka na bendera ya mkoloni.

Kwa leo, ushahidi mkubwa ni ukaguzi wa mfumo wa haki za jinai uliotolewa na Baraza la Kitaifa la Usimamizi wa Haki mwaka 2017. Uligundua kwamba karibu asilimia 70 ya kesi zilizopita katika mfumo huo zilikuwa za makosa madogo: kuuza bila leseni, ulevi na fujo, kusababisha usumbufu. Ni mashine kubwa mno inayosaga vitu vidogo. Wanawake wanaoingia gerezani kwa njia hii hukaa wiki au miezi, wanatoka, wanakuta mtungi ni ule ule na deni limeongezeka.

Na ajira iliyokuwa kinga imezidi kupungua. Mashine za kuchuna zimeingia kwenye mashamba ya kampuni, na jopokazi la kaunti lilikadiria kwamba Kericho imepoteza takriban ajira 30,000 katika muongo mmoja kwa sababu hiyo. Mei 2023 hasira ililipuka na mashine zikachomwa moto. Februari ya mwaka huo huo BBC ilitangaza uchunguzi ambamo zaidi ya wanawake 70 walisema walidhulumiwa kingono na wasimamizi wao kwenye mashamba yaliyoendeshwa kwa miaka mingi na Unilever na James Finlay. Nayataja haya mawili pamoja kwa makusudi. Watafiti wa magereza ya wanawake duniani wamesema mara nyingi kwamba mstari kati ya mwanamke aliyedhulumiwa na mwanamke aliyevunja sheria ni mwembamba sana. Huku kwetu, anayekataa tamaa ya msimamizi anaweza kupoteza kazi, na anayepoteza kazi hupoteza nyumba. Hapo ndipo mtungi huanza kuchemka.

Kuna pingamizi la haki ambalo sitalikwepa. Chang'aa inaua. Inapochanganywa na kemikali, watu hupofuka na kufa kwa makumi, na Kenya imezika wengi. Na wanaolilia msako kuliko wote ni wanawake wenzao, wake wa wanaume wanaoiacha bonasi yote kwenye mitungi. Mke wa mlevi wa Litein akiambiwa tumhurumie muuza pombe, ana haki ya kuuliza nani atamhurumia yeye. Jibu langu ni kwamba kifungo cha miezi sita hakimsaidii hata yeye. Muuzaji mmoja akifungwa, mwingine anawasha moto kesho yake, kwa kuwa mlevi bado ana kiu na bado bonasi iko mfukoni mwake. Adhabu inayofaa ni ile inayomtoa mwanamke kwenye biashara hiyo. Jela humtoa kwa muda tu, kisha inamrudisha akiwa maskini zaidi.

Njia mbadala zimeandikwa kwenye sheria zetu tangu zamani. Sheria ya Kazi za Kuhudumia Jamii ya 1998 inamruhusu hakimu, kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka mitatu, kumwamuru mtu afanye kazi ya umma bila malipo badala ya kufungwa: kufyeka shule, kutunza kitalu cha miche, kusafisha zahanati, na jioni arudi kwake. Tazama tena ukomo wa sheria ya vileo: miaka mitatu. Kosa la kuuza bila leseni linaingia humo kikamilifu. Kabla ya sheria hiyo kulikuwa tayari na kifungo cha nje chini ya afisa wa probesheni. Mwaka 2016, chini ya Jaji Mkuu Willy Mutunga, Mahakama ilitoa mwongozo wa sera ya adhabu, nao ukafanyiwa marekebisho mwaka 2023 chini ya Jaji Mkuu Martha Koome. Juu ya hayo yote ziko Kanuni za Bangkok, 70 kwa idadi, zilizopitishwa na Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa Desemba 2010, zinazotaka kifungo kwa mwanamke mwenye watoto wanaomtegemea kiwe cha mwisho kufikiriwa.

Kwa nini basi njia hizo hupitwa? Sababu kubwa ni saa. Mtu amekamatwa Jumamosi usiku, Jumatatu anasimama kizimbani bila wakili, anasomewa shtaka, anatafsiriwa, anakiri. Maelezo ya mwendesha mashtaka yanachukua dakika chache. Akiulizwa kama ana la kusema, anasema anaomba msamaha, basi. Anayeomba msamaha hajui kwamba hapo ndipo mahali pa kusema ana watoto wanne, kwamba nambari ya chai si yake, kwamba anaweza kulipa kidogo kidogo. Ripoti ya afisa wa probesheni ingeyasema hayo yote, lakini ripoti inahitaji siku kadhaa, na siku kadhaa maana yake ni rumande kwa asiye na mdhamini. Hakimu mwenye rundo la mafaili anachagua faini, na kwa nia njema. Kisha Jaji wa Mahakama Kuu anatembelea gereza, anapitia mafaili kwa mamlaka yake ya kusahihisha adhabu, na kuwaachilia wale wale waliofungwa kwa kukosa faini. Nawapongeza majaji wanaofanya hivyo. Lakini kazi hiyo ingefanyika kabla ya adhabu, mama asingepoteza msimu wa kupanda mahindi, wala mtoto wake aliye chini ya miaka minne, ambaye Sheria ya Magereza inamruhusu kukaa naye, asingejifunza kutembea ndani ya ukuta.

Hapa inafaa nimlete Pat Carlen, mwanazuoni wa Uingereza aliyefanya utafiti katika gereza la wanawake la Cornton Vale, Scotland, na kuchapisha kitabu chake mwaka 1983. Aliona kwamba wakuu wa mahakama walipowazungumzia wanawake waliowafunga, swali lao mara nyingi lilihusu umama zaidi ya kosa. Aliyeonekana mama mwema alihurumiwa. Aliyekuwa bila mume, ambaye watoto wake wamechukuliwa, ambaye alikunywa, alionekana hana cha kupoteza, akafungwa. Onyo lake linatuhusu moja kwa moja, kwa sababu dawa niliyoitaja, ripoti ya probesheni, inaweza kugeuka sumu. Afisa anakwenda kijijini, anamuuliza chifu, mzee wa kijiji, jirani wa Nyumba Kumi. Wanamwambia huyu ni mke mzuri, au wanamwambia huyu ni msumbufu, aliondoka kwa mumewe. Mjane anayegombania shamba na shemeji zake atasemwa vipi na wazee ambao ni shemeji zake? Ripoti ikiwa cheti cha tabia, wanaohitaji huruma kuliko wote ndio watakaoikosa. Ningependa ripoti za nchi ya chai ziache kuuliza kama mwanamke huyu ni mwema, ziulize mambo yanayohesabika: nani analipwa na kiwanda, nani ana hati ya ardhi, watoto watalala kwa nani usiku wa leo, alipata pesa gani mwezi uliopita.

Hukumu nzito zina historia inayofanana. Stacey Hynd, aliyeandika mwaka 2007 kuhusu wanawake na adhabu ya kifo katika Kenya na Nyasaland za kikoloni, alionyesha kwamba wanawake waliohukumiwa kunyongwa kwa kawaida walisamehewa kitanzi, kwa kuwa maofisa waliwaona kama viumbe dhaifu, wasiojimudu. Maisha yao yaliokolewa, lakini kwa gharama: kipigo cha miaka mingi kilichowafikisha pale hakikuhesabiwa kama sababu, udhaifu wao wa kufikirika ndio uliohesabiwa. Kwa muda mrefu baada ya uhuru, sheria ililazimisha kifo kwa kila aliyepatikana na hatia ya mauaji, na kilichobaki kilikuwa msamaha wa rais. Rais Uhuru Kenyatta alipobadilisha adhabu za kifo kuwa vifungo vya maisha Oktoba 2016, kati ya wafungwa 2,747 walikuwemo wanawake 92.

Desemba 14, 2017, katika kesi ya Muruatetu, Mahakama ya Juu ilisema ulazima huo unakiuka Katiba. Wengi wanaikumbuka hukumu hiyo kwa jambo hilo moja. Mimi naona hazina iko kwenye orodha ya mambo ambayo hakimu anapaswa kuyazingatia anapotoa adhabu: umri, kama ni kosa la kwanza, majuto, uwezekano wa kujirekebisha, na katikati yake, kama kosa lilitendwa kujibu ukatili wa kijinsia. Sasa mwanamke wa Sotik aliyemuua mume baada ya miaka ya kupigwa hahitaji tena kujifanya dhaifu ili asikilizwe. Anaweza kuleta ushahidi wa kipigo kama ushahidi. Ugumu umehamia kwingine: kipigo kilichomalizwa na wazee kwenye kokwet, yaani baraza la kijiji, kwa mume kuonywa na mke kurudishwa nyumbani, hakiachi karatasi. Hakuna nambari ya kesi polisi, hakuna fomu ya P3. Haki mbadala, ambayo Mahakama ilianza kuihimiza rasmi kwa sera ya 2020, ina faida nyingi, lakini kama wazee hawaandiki walichosikia, wanamnyima mwanamke ushahidi ambao siku moja utaamua kama atakaa gerezani miaka mitano au 30.

Kesi inayoupima msimamo wangu kuliko zote ni ya ukeketaji. Sheria ya Kuzuia Ukeketaji ya 2011 inaweka adhabu isiyopungua miaka mitatu au faini isiyopungua shilingi 200,000. Mahakama Kuu iliitetea sheria hiyo Machi 2021 ilipopingwa, na naona ilifanya sawa. Utafiti wa kitaifa wa afya unaonyesha waliokeketwa kati ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 walishuka kutoka asilimia 21 mwaka 2014 hadi 15 mwaka 2022, na sheria ina sehemu yake katika mafanikio hayo. Siwezi kusema ngariba apewe kazi ya kufyeka shule ambayo wasichana aliowakata wanasoma. Lakini hata hapa wanaoonekana zaidi kizimbani ni ngariba na mama wa mtoto, na ile faini ya 200,000 inarudi kwenye hesabu ile ile ya kilo na vibarua, ikiwa kubwa mara karibu saba.

Sheria yenyewe haikuishia kwa wanawake. Inamkamata anayesaidia, anayetoa nyumba, anayejua na kunyamaza. Baba aliyelipa ngariba kwa pesa za bonasi amesaidia. Baba aliyeuza mbuzi kwa ajili ya sherehe, au aliyetaka binti aolewe na kupokea ng'ombe, alijua. Mwendesha mashtaka wa Bomet ana kila kifungu anachokihitaji ili kumsimamisha kizimbani kando ya mkewe, na hakimu akishawaona wote wawili mbele yake ndipo anaweza kugawa adhabu kwa kufuata nani aliamua na nani alikuwa na pesa.